Cheche Iliyokuwa Ikipotea Ziwani

WAHENGA wa Pwani walisema: Hata ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndugu msomaji, kwa wewe usiyelelewa karibu na majahazi, tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni pale chini katikati ambapo maji hukusanyika na mabaharia hushuka kuyafua. Mtu aweza kutembea chomboni kutwa nzima akikagua tanga, kamba na usukani, lakini chombo kikivuja hana budi kurudi ngamani. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na nimeitia katika mashairi yangu mara nyingi. Hata hivyo sikuielewa barabara mpaka nilipokwenda Kisumu, mbali na bahari, kwa ajili ya mashine ya boti iliyokuwa ikizima kila ilipopenda.

Habari ilinifikia nyumbani Mombasa kwa simu. Aliyepiga ni rafiki yangu wa miaka mingi, Mjaluo wa Dunga, ambaye tulikuwa majirani mtaa wa Majengo siku alipokuwa akifanya kazi bandarini Kilindini. Sasa amestaafu, amerudi kwao, na watu wa huko humwita Jaduong', yaani mzee mheshimiwa. Siku hiyo hakunijulia hali sana. Alisema tu, "Malenga, mashine yako imelala tena."

Neno lile "yako" lilinichoma. Mashine haikuwa yangu tena. Nilikuwa nimemwuzia yeye, na fedha zake nilikwisha kuzila.

Mashine yenyewe ni ya Kiingereza, ya kufungwa tezini, ya silinda moja, yenye tangi la shaba na gurudumu zito juu ambalo huzungushiwa kamba ili kuiwasha. Ilikuwa ya ami yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiitumia kuvulia katika mkono wa bahari wa Tudor. Alipofariki ilitupwa chini ya ngazi, ikala kutu miaka mingi pamoja na nyavu zilizooza. Siku moja niliitoa. Muda wa miezi sita, kila jioni baada ya kazi ya gazeti, nilikaa nayo uani: nikasugua kutu, nikabadili pete za pistoni na gasketi, nikasafisha kabureta, nikang'arisha tangi mpaka likawa kama sinia la kahawa. Ilipowaka mara ya kwanza, majirani walitoka madirishani. Jaduong' alikuwa amekuja Mombasa kwa harusi. Aliiona, akaipenda, tukapatana bei ya udugu.

Tuliifungua vipande, tukaitia katika makasha mawili, akapanda nayo basi. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa chombo kutoka Pwani kupanda bara mpaka Ziwa la Nyanza kikiwa vipande. Meli ndogo ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikaletwa Mombasa katika vipande mnamo miaka ya 1890, na wapagazi wakatwikwa vyuma vyake kuvipeleka bara. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika mwaka uliofuata, 1901, na mahali pale wakoloni wakapaita Port Florence. Kwa hiyo nilipomuaga Jaduong' pale stendi nilijiona kama mtu aliyeongeza mstari mmoja katika historia. Kumbe nilikuwa nimemfungia rafiki yangu balaa ndani ya kasha.

USIKU KATIKA GUGUMAJI

Mashine ilipofika Dunga iliwaka vizuri. Siku ya kwanza watoto walikusanyika ufukweni kuisikiliza. Siku ya tatu ikazima majini baada ya muda mfupi. Jaduong' akasubiri, akavuta kamba, ikawaka kama haikuwa na neno. Juma lililofuata ikazima mara mbili. Fundi akaitwa, akaivuta kamba mbele ya watu wote, ikawaka mara moja, na watu wakamcheka mzee.

Huo ndio udhia wa ugonjwa wa kwenda na kurudi. Mashine iliyokufa kabisa hurahisisha kazi, kwa sababu kila kitu utakachopima utakipima katika hali ya ubovu. Lakini mashine inayozima ziwani na kuwaka ufukweni humfanya mwenyewe aonekane mwongo na fundi aonekane mwizi.

Mwisho wake ukawa usiku mmoja ambao Jaduong' alinihadithia kwa ufupi, naye si mtu wa maneno machache. Alikuwa na mpwa wake wakitoka kutega nyavu upande wa kuelekea Kendu Bay. Mashine ikazima ghafla. Wakangoja, ikawaka, ikaenda kidogo, ikazima tena. Upepo ukageuka, ukawasukuma mpaka katikati ya gugumaji. Msomaji ambaye hajaliona gugumaji asidhani ni majani machache yaeleayo. Mmea huu wenye asili ya Amerika ya Kusini ulionekana upande wa Kenya wa ziwa karibu na mwaka 1990, na ukijikusanya hufanya zulia zito ambalo kafi halipenyi na panka ya mashine hunaswa. Upepo ndio unaolihamisha zulia hilo; jana halipo, leo limeifunga ghuba. Wawili wale walikesha humo, mvua ikiwanyea, kijana akifua maji ngamani kwa kopo. Asubuhi wavuvi wa omena waliokuwa wakirejea ndio waliowavuta.

Ziwa hili si bwawa. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, la pili duniani kwa ukubwa katika maziwa ya maji baridi. Ghuba ya Winam, ambayo Kisumu umekaa pembeni mwake, ni kona yake tu, lakini kona hiyo imezika watu. Mke wa Jaduong' alisema neno moja: chuma kile kiuzwe kwa kilo, ama yeye arudi kwa ndugu zake. Ndipo nikapigiwa simu, nami nikapanda basi.

FUNDI NA UBAO WAKE

Dunga ni kijiji cha wavuvi, kilomita chache kusini ya mji. Mafunjo yameota kandokando ya maji, marefu kumshinda mtu, na mitumbwi ya mbao imepangwa mchangani, mingi ikiwa na mashine za Kijapani. Nilipofika, shemeji alinikaribisha kwa ngege na ugali, akanitilia maji ya kunawa, akaniuliza hali ya wanangu mmoja mmoja. Kuhusu mashine hakuuliza hata neno. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Fundi alikuwa kijana hajafika miaka thelathini. Banda lake ni la mabati, na mbele yake lipo pipa la maji lililokatwa juu, la kujaribia mashine. Alizoea mashine za siku hizi, ambazo cheche yake hutolewa na kisanduku cha elektroniki kilichofungwa, kikifa hutupwa na kutiwa kingine. Hii yetu ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona ya aina hiyo. Nilidhani hilo litakuwa kikwazo, lakini liligeuka kuwa heri, kwa maana alikuwa haoni haya kuuliza.

"Mzee," aliniambia, "nieleze kama mtoto. Moto wake unatoka wapi?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na mafundi wa Mombasa. Mashine hii haina betri. Gurudumu la juu lina sumaku ndani yake. Likizunguka, sumaku hupita karibu na koili, yaani nyaya nyembamba zilizosokotwa kwa maelfu ya mizunguko, na umeme huzaliwa humo. Chini ya gurudumu pana pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana. Zikiachana, umeme uliokuwa ukipita hukatika ghafla, na mkatiko huo ndio unaosukuma volti maelfu kwa maelfu mpaka kwenye plagi, ambako cheche huruka na kuwasha petroli. Ubavuni mwa pointi kuna kopo dogo liitwalo kondensa. Kazi yake ni kuumeza ule umeme unaotaka kuruka baina ya pointi zinapoachana. Kondensa ikiwa mbovu, cheche huruka kwenye pointi badala ya kwenye plagi, mkatiko huwa mzito, na moto wa plagi hufifia. Mashine ikizunguka mara elfu tatu kwa dakika, shughuli yote hiyo hutendeka mara hamsini kwa sekunde moja.

Fundi alisikiliza, kisha akachukua chaki, akachora mstari katikati ya ubao uliotundikwa mlangoni. Upande mmoja akaandika "petroli", upande wa pili "moto". Akasema, "Hatutabadilisha vitu viwili kwa mara moja. Tukibadilisha viwili ikapona, hatutajua nani alikuwa mgonjwa."

Nilicheka moyoni. Chuoni kwetu nasi tulikuwa na ubao, na mwalimu wetu hakumruhusu mtoto kuirukia be kabla hajaijua alifu. Aliyeruka alirudishwa mwanzo mbele ya wenzake. Hapa Dunga nilirudishwa mwanzo na kijana aliyeweza kuwa mwanangu.

Tukaanza na petroli. Mashine inayokosa mafuta kwa kawaida haizimi kama taa. Hudhoofika, hukohoa, hutapatapa, ndipo hufa. Jaduong' aliapa kwamba yake hukatika ghafla. Hata hivyo fundi alikagua kifuniko cha tangi, maana kina tundu la kupitishia hewa, na tundu hilo likiziba mafuta hushindwa kuteremka baada ya dakika kumi au ishirini, na mtu akadhani ni ugonjwa wa moto. Tundu lilikuwa wazi. Chujio lilikuwa safi. Plagi tuliikuta imejaa masizi meusi, nami nikaruka nikisema, "Ndiyo hii!" Fundi akaniuliza Mombasa iko juu kiasi gani. Nikamwambia, Mombasa iko baharini. Akasema Kisumu uko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa Mombasa huku humwaga petroli nyingi kupita hewa. Akaipunguza, akatia plagi mpya, akaandika ubaoni. Tukaitia mashine katika pipa. Iliwaka vizuri zaidi kuliko mwanzo, ikanguruma dakika ishirini na tano. Jaduong' akaanza kutabasamu. Ikazima, puu, kama mtu aliyezimiwa taa.

Upande wa petroli ukafutwa. Tukabaki na moto.

FURAHA YA UWONGO

Usiku ule fundi alitwambia tusilale. Alizima taa ya banda, akaiwasha mashine gizani, tukainama kutazama. Ni mbinu nzuri ambayo kila mwenye mashine ya zamani anapaswa kuijua: waya mnene uendao kwenye plagi ukiwa umepasuka, mchana huoni kitu, lakini gizani utaona vimulimuli vya buluu vikiruka kutoka wayani kwenda kwenye mwili wa mashine. Na kweli tuliona kimulimuli kimoja, chembamba, karibu na kofia ya plagi. Watoto walipiga kelele. Asubuhi tukabadili waya. Mashine ikanguruma dakika thelathini bila tatizo, na Jaduong' akatuma kijana akanunue soda.

Soda hazijamalizika, mashine ikazima.

Niwaambieni ukweli, ndugu zangu, hapo nilitamani kurudi Mombasa. Waya ulikuwa mbovu kweli, wala hatukukosea kuubadili. Lakini mashine ya zamani yaweza kuwa na maradhi mawili au matatu kwa pamoja, na kuliponya moja si kuyaponya yote. Wengi wetu huishia hapo. Tukishaona kasoro moja, twaifanya ndiyo sababu ya kila kitu, tukaenda zetu.

Jaduong' aliweka chupa chini, akatazama ziwani. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Fundi alikuwa akikuna kichwa. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Wazee, kosa letu tunaipima ikiwa nzima. Ikizima, tunaiacha ipumzike, halafu ndipo tunashika spana. Tuingoje iugue, tuipime papo hapo ikiwa bado inaugua."

Ndivyo tulivyofanya. Aliandaa plagi ya pili mkononi. Mashine ikanguruma nusu saa ndani ya pipa, na ilipozima tu, akachomoa waya, akaitia plagi ile, akaigusisha na chuma cha mashine, nami nikavuta kamba. Cheche ilikuja, lakini ilikuwa ya manjano, nyembamba kama uzi. Tena akatukumbusha kwamba hiyo ni cheche ya nje, katika hewa ya wazi. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na cheche huhitaji nguvu kubwa zaidi kuivuka. Uzi unaoonekana nje, ndani haupo kabisa. Tukasubiri mashine ipoe, tukapima tena: cheche ya buluu, nene, yenye mlio. Tukapasha, ikawa manjano. Tukapoza, ikawa buluu.

Basi ugonjwa ulikuwa joto. Kitu fulani chini ya gurudumu kilikuwa kizima kikiwa baridi na kikifa kikipata moto. Fundi aliandika ubaoni majina mawili tu: koili, kondensa. Nilipoliona lile jina la pili, mate yalinikauka.

NILICHOKUWA NIMEKIFICHA

Nitalieleza hapa, kwa kuwa nimelieleza mbele ya mwenyewe. Nilipokuwa nikiifufua mashine ile Mombasa, fundi mmoja mzee alinitazama nikirudisha kondensa ya zamani. Akaniambia, "Hiyo usiirudishe. Ndani yake kuna karatasi na bati jembamba, na miaka imepita. Leo itafanya kazi, ikipata moto itakuaibisha." Nilimwahidi kwamba nitaibadili. Sikuibadili. Ile kondensa ilikuwa na maandishi ya kiwanda yaliyochongwa, nami nikapenda mashine ya ami yangu ibaki na kila kilichokuwa chake. Isitoshe ilikuwa ikiwaka. Uani kwangu sikuwahi kuiendesha zaidi ya dakika kumi, kwa kuogopa kuwaudhi majirani.

Kisha nikaiuza, na katika kuuza sikulitaja jambo hilo. Sikusema uwongo, nilinyamaza tu. Lakini mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akitufundisha kwamba mwenye kuuza kitu chenye kasoro anayoijua, asimweleze mnunuzi, baraka ya fedha zile huondoka. Tulikuwa watoto wa miaka minane, hatuna cha kuuza ila maembe, lakini alitufundisha. Na mtu aliyekesha katika gugumaji, kijana wa watu akifua maji kwa kopo, alikesha kwa sababu ya kunyamaza kwangu.

Nikamwambia fundi, "Anza na kondensa." Akauliza kwa nini si koili. Nikageuka nikamtazama Jaduong', nikamweleza yote pale pale, mbele ya fundi na watoto na soda zilizobaki.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Malenga, ulijua?"

"Nilijua, ndugu yangu."

"Basi tuitoe."

Hakusema lingine.

USHAHIDI WA KOPO LA MCHANGA

Kulitoa gurudumu kulitaka spana kubwa na nyundo. Chini yake pointi zilikuwa zimeungua, moja imefanya kishimo, nyingine imefanya kichuguu, na hiyo peke yake ni dalili ya kutilia shaka kondensa. Fundi alizilainisha, akazipima mwanya wa nusu milimita, akairudisha mashine kwanza na kondensa ile ile, ili tuhakikishe si pointi. Ikazima kama kawaida yake. Mimi nilikwisha kukata shauri, lakini yeye hakutaka kuamini hata ungamo langu bila kulipima.

Kisha akafanya hila nzuri. Kondensa ya asili yake haikupatikana Kisumu, wala sidhani ingepatikana mahali popote. Lakini kondensa za pointi hazitofautiani sana, na ya gari la zamani hufaa. Aliipata moja mpya katika duka la vipuri mjini, akaifunga nje ya mashine, mbali na joto, na waya wake akaupitisha katika tundu mpaka kwenye pointi. Tukaiwasha. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Maji ya pipa yalichemka mvuke, ikabidi tuongeze mengine. Mashine haikukohoa.

Mimi na Jaduong' tulikuwa tayari kuondoka. Fundi akasema bado. Aliitoa ile mpya, akaifunga ya zamani pale pale nje, ikiwa baridi. Mashine ikaenda vizuri. Akaleta kopo la mchanga alioupasha juu ya makaa, si sana, joto la kuvumilika kwa mkono kwa muda mfupi, akaizika kondensa ya zamani ndani yake huku mashine ikinguruma. Tulitazama saa. Baada ya dakika chache mlio ukakatika, puu.

Akaichomoa mchangani, akaimwagia maji baridi juu ya kopo lake, akaikausha, akanipa niishike. "Huyu ndiye, mzee," alisema.

Nimeona mahakama nyingi katika kazi yangu ya uandishi. Sijaona ushahidi uliotimia kuliko ule.

WENYE BARIDI NA WENYE JOTO

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba hii ni shida ya watu wa joto peke yetu. Mashine za boti zilianza kuenea duniani baada ya Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, kuanza kuziuza huko Milwaukee mwaka 1909. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia alipopiga makasia ziwani siku ya jua kali kumletea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka njiani. Nusu karne baadaye, mwaka 1959, kiwanda cha Bombardier cha Kanada kilianza kuuza kigari kidogo cha kutelezea juu ya thelujini kiitwacho Ski-Doo. Vigari vya zamani vya namna hiyo hutembea kwa injini za jamii hii hii: sumaku katika gurudumu, koili, pointi na kondensa. Watu wa huko huvifufua kwa mapenzi kama nilivyofufua mashine ya ami yangu, na maradhi ni hayo hayo: huwaka vizuri bandani, huzima porini. Nje barafu, lakini chini ya gurudumu ni moto. Mvuvi wa Dunga akizimikiwa huona gugumaji, mwenzake wa Kanada huona theluji, na wote wawili huwaza jambo moja: nani aliniuzia hii?

Siku iliyofuata tulikwenda majini. Fundi alitaka mtumbwi wa pili utufuate, na kila mtu avae jaketi la kuokolea, na makafi yawemo. Mashine iliyopona jana bado haijaaminiwa. Tulikwenda saa moja kuelekea kati ya ghuba, tukarudi saa nyingine, Jaduong' akishika usukani na mimi nikiwa omo nimelowa. Mji ulikuwa nyuma yetu, na mafunjo yalionekana kama mstari wa wino. Mashine iliimba wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho.

Katika daftari langu nikaandika ubeti huu, nikampa Jaduong' usiku, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine ya kuomba radhi iliyo bora kuliko hiyo:

Ikiwa bado baridi, mashine husema vyema,
Joto likisha kuzidi, papo hapo huzizima,
Na rafiki wa ahadi, hajulikani mapema,
Mpime siku ya dhiki, ndipo utajua wema.

Aliusoma mara mbili, akaukunja, akautia mfukoni. Nilimrudishia nusu ya fedha. Alikataa, nikamwachia shemeji, naye hakukataa. Tena alihesabu mbele yangu, akanitazama, akasema chai iko tayari. Tangu nilipofika, ilikuwa mara ya kwanza kunitolea tabasamu.

Asubuhi nilipokuwa nikiondoka, nilipita kwa fundi kumlipa. Ubao ulikuwa bado mlangoni, umeandikwa tele, kila kosa letu na tarehe yake. Alikuwa hajaufuta. Nilimwuliza kwa nini, akasema mashine nyingine itakuja na ugonjwa kama huu, naye anataka kukumbuka njia tuliyopotea, si ile tuliyopatia tu.

Kondensa ya zamani ninayo, imo mezani pangu ninapoandika haya, na maandishi yake ya kiwanda bado yanasomeka. Mgeni akiniuliza ni nini, humweleza. Na akitaka kununua kitu kutoka kwangu, humweleza mapema zaidi.